Bayume Husen: Mtanganyika aliyepita nyuma ya mastaa wa Berlin

NOVEMBA 24, 2024 ilitimia miaka 80 tangu Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, afie katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin. Alikuwa mwigizaji. Alionekana katika filamu zaidi ya 20 za Kijerumani, ingawa jina lake huku kwetu halijulikani hata kwa wapenzi wa filamu.

Kigoma tunamjua Mjerumani kwa chuma. Reli ya Kati ilifika hapa Februari 1914. Mwaka uliofuata ikashushwa Ziwa Tanganyika Graf von Goetzen, meli iliyoletwa kwa vipande kutoka Papenburg. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, Waingereza wakaiibua, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Hayo mwaloni Katonga husimuliwa bila kufungua kitabu. Filamu za Kijerumani ni habari nyingine.

Kisa cha Husen tunakipata hasa kwa watu wawili. Mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 2007. Eva Knopf naye mwaka 2013 alitoa filamu ya Majubs Reise, akikusanya vipande vya sinema za zamani ambamo Husen anaonekana akibeba sinia au mizigo nyuma ya mastaa.

Alizaliwa 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Wajerumani, na Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, mtoto huyo wa miaka kumi naye aliingia jeshini. Baada ya vita alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Ujerumani.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Husen alikwenda Wizara ya Mambo ya Nje mjini Berlin kudai mshahara wa vita, wake na wa marehemu baba yake. Akajibiwa kuwa amechelewa, muda wa kudai umekwisha. Hakunyamaza. Mwaka 1934 aliomba nishani waliyopewa wapiganaji wa mstari wa mbele, akanyimwa. Basi akavaa sare ya askari na medali hivyo hivyo, akaenda nazo kwenye mikutano ya Wajerumani waliotamani kurudishiwa makoloni yao.

Dola iliyomnyima haki yake ilihitaji sura yake. Ili kuwaaminisha watu kwamba Tanganyika iliwapenda Wajerumani, ilibidi aonekane askari mwaminifu, na Husen alikuwepo. Mwaka huohuo wa 1934 aliigiza katika Die Reiter von Deutsch-Ostafrika. Pembeni alikuwa mhudumu wa hoteli na mikahawa, tena akifundisha Kiswahili chuo kikuu cha Berlin.

Mwaka 1941 ikatoka Carl Peters, staa akiwa Hans Albers, na Husen akicheza Ramasan, kiongozi wa msafara. Peters, mkoloni ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu, humo ni shujaa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mataifa yaliyoshinda yaliipiga marufuku filamu hiyo. Lakini Husen hakuyaona hayo. Mwaka uleule wa 1941 alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, kosa kubwa kwa sheria za ubaguzi za Hitler, akapelekwa Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani. Alifia humo 1944. Tangu 2007 jina lake limo katika kibao kidogo kilichopachikwa kwenye njia ya waendao kwa miguu mjini Berlin.

Kutoka hapo historia ya filamu za Kijerumani kuhusu nchi yetu inakwenda haraka. Serengeti darf nicht sterben ya Bernhard Grzimek ilishinda Oscar mwaka 1960. Mwaka 2024 Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner walionesha Berlin Das leere Grab, kuhusu familia zinazotafuta mabaki ya wazee wao yaliyopelekwa Ujerumani enzi za ukoloni. Safari hii Mtanzania alikuwa nyuma ya kamera.

Leo inasemekana filamu za Kijerumani mtu huzitazama bure akiwa nyumbani. Kweli, Nosferatu ya 1922 iko YouTube, na Goethe-Institut ina jukwaa lake la kuonesha filamu bila malipo. Lakini filamu nyingi kwenye tovuti ya televisheni ya umma ya ARD hufungwa kwa watazamaji walio nje ya Ujerumani, na hata huko karibu kila kaya hulipa ada ya utangazaji, iliyokuwa euro 18.36 kwa mwezi mwaka 2024. Kijana wa Katonga naye hununua bando, kisha anakutana na Kijerumani chenye maandishi ya Kiingereza.

Hilo linarekebishika. Mabanda yetu ya video yalikuzwa na wasimulizi kama Lufufu, waliozileta filamu za ng'ambo kwa Kiswahili. Serikali ya Ujerumani, ambayo Rais wake Steinmeier aliomba radhi Songea Novemba 2023 kwa maovu ya ukoloni, ingeweza kuwalipa wasimulizi wa namna hiyo waitafsiri Majubs Reise, kisha iiweke mtandaoni bure kwa Watanzania. Husen aliambiwa muda wa kudai umekwisha. Sisi tusikubali jibu hilo.