Barabara Zilizopeleka Kilio Washington

Siku ya Pasaka, Machi 25, 1894, watu wapatao mia moja waliondoka kwa miguu katika mji wa Massillon, Ohio, wakielekea Washington. Aliyewaongoza, Jacob Coxey, alikuwa mwenye machimbo ya mchanga. Waliomfuata walikuwa watu waliopoteza kazi, na wengine hata pa kulala, baada ya mdororo wa uchumi wa 1893. Njiani walilala kwenye mahema na kulishwa na wenyeji wa miji waliyopita. Ombi lao kuu lilikuwa hili: serikali itenge dola milioni 500 za kujenga barabara, iwaajiri wasio na kazi. Walipofika Bungeni Mei 1, wakiwa wameongezeka hadi kama 500, Coxey alikamatwa kabla ya kusoma hotuba yake, akafungwa siku 20 kwa kosa la kukanyaga majani. Kwa hesabu ya siku ile, safari ilikuwa bure. Lakini katika miaka ya 1930 serikali ya Rais Roosevelt iliajiri mamilioni katika kazi za umma, barabara zikiwemo, na Mei 1, 1944, Coxey akiwa na umri wa miaka 90 aliruhusiwa kuisoma hotuba ile ile kwenye ngazi za Bunge.

Tangu hapo Marekani imeshuhudia safari nyingi za aina hii, na zikipangwa pamoja zinaonyesha jambo ambalo wafadhili husahau: faida kubwa ya safari hizo haikuwa chakula na nguo zilizogawiwa njiani, bali kumfikisha mtu asiye na makazi, au sauti yake, mbele ya wenye uamuzi. Mei 1968, wiki chache baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, msafara wa magari yaliyokokotwa na nyumbu ulitoka Marks, Mississippi, mji maskini ambao King mwenyewe alikuwa ameutembelea. Treni ingewafikisha Washington mapema zaidi, na kwa sehemu ya mwisho waliipanda. Lakini mwendo wa nyumbu ulilazimisha kila mji kuuona umaskini wa vijijini ukipita mbele ya milango yake. Oktoba 1989, katika maandamano ya kudai nyumba yaliyoitwa Housing Now, watu wasio na makazi walitembea kutoka New York wakaungana na umati mjini Washington. Novemba 1990 ilisainiwa sheria ya nyumba nafuu iliyoanzisha HOME, mpango wa kugharimia nyumba za watu wa kipato cha chini. Si haki kudai kwamba maandamano peke yake yaliizaa sheria hiyo. Ila yalifanya iwe vigumu kwa wabunge kuliita tatizo la nyumba kuwa la jiji moja au mawili.

Mark Horvath aliupeleka mtindo huo kwenye intaneti. Aliwahi kulala mitaani Hollywood baada ya kazi yake ya televisheni kuporomoka, na Novemba 2008 alianzisha mradi wa video wa Invisible People. Mwaka 2009 alizunguka Marekani kwa gari akiwahoji watu wa mitaani na kurusha maneno yao bila kuyahariri. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kwa hiyo msimulizi alikuwa mwenye shida mwenyewe, na aliyeshika kamera alikuwa amewahi kulala alipolala yeye.

Wapo wanaopinga, na hoja zao zina uzito. Ya kwanza ni kwamba mwenye njaa leo hawezi kusubiri sheria ya mwakani, hivyo fedha za mafuta na malazi ya wasafiri zingenunua chakula. Ni kweli, lakini chakula hicho kinaweza kutolewa vizuri zaidi na walio karibu naye, wanaomjua kwa jina na watakaokuwepo kesho, ilhali msafiri hupita. Ya pili ni kwamba kamera humgeuza mnyonge kuwa maonyesho. Hatari hiyo ipo pale mfadhili anapojipiga picha akigawa mablanketi. Hupungua pale anayehojiwa anapoulizwa ridhaa na kuachiwa aseme anachotaka.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: baada ya safari hizo zote, hesabu ya kitaifa ya Januari 2024 ilikuta zaidi ya watu 770,000 wasio na makazi. Hata hivyo, hesabu hiyo hiyo ina jibu ndani yake. Idadi ya wanajeshi wastaafu wasio na makazi imepungua kwa zaidi ya nusu tangu 2010, kwa sababu kwao serikali ilitoa msaada wa kulipia kodi ya nyumba pamoja na huduma za kuwasimamia. Kwa hiyo, tatizo hupungua pale wenye mamlaka wanapolibeba, na huongezeka pale linapoachiwa huruma ya wapita njia. Msafara wowote upimwe kwa maswali mawili kabla gari halijawashwa: nani atasema kwa niaba ya nani, na kitu gani kitadaiwa kwa nani. Coxey alikuwa na jibu la maswali yote mawili, ndiyo maana ombi lake lilidumu kuliko kifungo chake.