Kitabu cha Ndoa cha Chala: Historia Fupi

Sisi tuliokifunua kitabu hiki miaka nenda miaka rudi tumeombwa tuandike habari zake, nasi tunaandika kwa furaha.

Chimbuko lake ni Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, walikotua Wamisionari wa Afrika mwaka 1885. Huko ndiko alikofika mwaka 1889 mpendwa wetu Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akasomea uganga Malta. Alimwoa Agnes Wansahira, na mtoto wao Joseph akawa padre. Hawakufungia ndoa Chala, lakini kwetu hao ndio ukurasa wa kwanza.

Mapadre walipopanda Ufipa wakajenga misheni ya Chala, walikuja na desturi ya vitabu. Ndoa ilitangazwa kanisani Jumapili tatu, mwenye pingamizi aseme. Kisha yakaandikwa majina ya bwana, bibi, wazazi na mashahidi wawili. Tangu Pasaka ya 1908, kwa agizo la Papa Pius wa Kumi, ndoa huandikwa pia pembeni mwa jina katika kitabu cha ubatizo. Jambo hili ni zito. Kijana wa Chala akioa Mpanda au Mbeya, taarifa hurudi nyumbani, na anayetaka kuoa tena huko mjini kwa siri hukwama kwenye mstari mmoja mwembamba wa wino.

Vita Kuu ya Kwanza ilifika Ufipa. Kasanga, kando ya ziwa, ilitwaliwa na Waingereza mwaka 1916. Ya miaka hiyo wazee walituachia kimya, nasi hatutayachokonoa.

Lakini kuna mama mmoja hatumsahau. Alikuja baada ya matanga ya mumewe, mashemeji wakisema hakuwahi kuolewa, alikuwa akikaa tu na ndugu yao. Tarehe hakuijua. Alijua kwamba ulezi ulikuwa umevunwa, na jina la msimamizi wake wa ndoa. Tulipekua tangu asubuhi. Jina likaonekana, na kando yake alama ya dole gumba, wino umefifia kuwa wa kahawia. Aliweka kidole chake juu yake, akanyamaza. Tukamwandikia hati, akaenda nayo Mahakama ya Mwanzo kwenye shauri la mirathi.

Miaka iliyofuata kwa ufupi: 1969, Jimbo la Karema likaitwa Sumbawanga, chini ya Askofu Charles Msakila. 1971, Sheria ya Ndoa ikaweka ndoa za kanisani, msikitini, bomani na za kimila katika usajili mmoja: taarifa siku 21 kabla, na za kimila zisajiliwe ndani ya siku 30. Isiyosajiliwa haibatiliki, ila kuithibitisha ni taabu. 1974, ukaundwa Mkoa wa Rukwa. 2006, usajili ukaingia mikononi mwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini.