Hati si lugha: Aina za maandishi duniani na majina yake

MSWADA wa utenzi wa Kiswahili ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu ukiorodheshwa maktabani kuwa kitabu cha Kiarabu, mtafiti wa tenzi anaweza kuupita bila kujua kwamba upo. Kosa la namna hiyo hutokana na kuchanganya lugha na hati. Lugha ni mfumo wa usemi, ilhali hati ni mkusanyiko wa alama zinazotumiwa kuuandika usemi huo. Kiswahili kimeandikwa kwa hati ya Kiarabu na ya Kilatini. Hati ya Kiarabu nayo huandika pia Kiajemi na Kiurdu, lugha zisizo za ukoo mmoja na Kiarabu.

Wataalamu wa isimu huziainisha hati kwa kuangalia kinachowakilishwa na alama moja. Makundi makuu ni haya:

Alfabeti: Konsonanti na irabu kila moja ina herufi yake, kama katika hati za Kigiriki na Kilatini.

Abjadi: Huandikwa hasa konsonanti, na msomaji hujijazia irabu fupi. Mifano ni hati za Kiarabu na Kiebrania.

Abugida: Alama ya msingi ni konsonanti pamoja na irabu yake, na umbo lake hubadilika irabu inapobadilika. Hati ya Kige'ez, inayoandika Kiamhari na Kitigrinya, ni ya kundi hili, sawa na Devanagari ya India.

Hati ya silabi: Kila silabi ina alama yake. Mfano ni hati ya Wavai wa Liberia, iliyobuniwa na Momolu Duwalu Bukele katika miaka ya 1830.

Hati ya maneno: Alama huwakilisha neno au sehemu ya neno yenye maana, kama katika Kichina.

Majina matatu ya kwanza yametokana na herufi zenyewe. Alfabeti ni alfa na beta za Kigiriki; abjadi ni alifu, be, jimu na dali kwa mpangilio wa kale; na abugida ni herufi nne za Kige'ez. Mtaalamu wa Marekani, Peter T. Daniels, ndiye aliyeyapa majina abjadi na abugida maana hizo za kitaalamu mwaka wa 1990. Hata hivyo, katika Kiswahili cha kawaida abjadi ni orodha ya herufi za hati yoyote. Kwa hiyo anayesema "abjadi ya Kilatini" hajakosea, ila hazungumzi kwa istilahi za Daniels.

Aidha, hati moja huweza kubadilika tabia ikihamia lugha nyingine. Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi; Kiswahili kina irabu tano. Isitoshe, neno lililoandikwa kwa konsonanti b na t pekee lingeweza kusomwa bata, bati au beti. Ndiyo maana waandishi wa pwani aghalabu walitia alama za irabu katika kila neno. Mwalimu Sikujua bin Abdalla wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 1890, anakumbukwa kwa kuirekebisha hati hiyo ili itofautishe sauti za Kiswahili. Hati iliyo abjadi katika Kiarabu ikawa, katika Kiswahili, inakaribia alfabeti.

Wanaoziainisha hati nao hutofautiana. Katika viwango vya kimataifa vya ISO 15924, vilivyochapishwa mwaka wa 2004, kila hati ina msimbo wa herufi nne na nambari: Kilatini ni Latn 215, na Kiarabu ni Arab 160. Kige'ez, kilichotoa jina la abugida, ni Ethi 430, na nambari zinazoanzia 400 zimetengewa hati za silabi.

Kwa mwenye kuhifadhi miswada, basi, kutaja kundi la hati hakutoshi. Orodha iliyo kamili hutaja mambo mawili kando kwa kando: lugha ya mswada na hati yake.