Mundu Ndani ya Damu: Mbu, Wazee Wetu na Swali la Laana

Hapa Kawe kuna swali ambalo mchungaji huulizwa ofisini, mlango ukiwa umefungwa, na karibu kamwe halisikiki katika jumuiya: "Mchungaji, hii ni laana?" Anayeuliza mara nyingi ni mama. Mtoto wake hulia usiku kwa maumivu ya mifupa, macho yana manjano, ameshaongezewa damu mara kadhaa. Hospitali wameutaja ugonjwa: selimundu, au sikoseli kama wengi wetu tunavyouita. Lakini ukoo nao umeshautafutia jina lake. Upande wa mume husema kitu hicho hakijawahi kuwapo kwao, kimekuja na mwanamke. Upande wa mke humkumbuka babu fulani aliyekufa na kinyongo. Na hawakosekani watumishi wanaopokea sadaka ili waukate huo mnyororo wa ukoo.

Napenda kulijibu swali hilo kwa historia, ingawa historia yenyewe inapita kwenye neno ambalo washarika wengi hulisikia kwa mashaka: mageuko. Tulilisoma shuleni likiwa na picha ya nyani anayenyooka hatua kwa hatua mpaka anakuwa mtu, na wengi wetu tuliishia kwenye picha hiyo. Lakini kiini chake ni jambo la kawaida kuliko picha ile. Watoto hawazaliwi sawa. Katika mahali fulani, wenye umbile fulani huishi na kuzaa zaidi kuliko wenzao, nao huwarithisha watoto wao umbile hilo. Vizazi vikipita vingi, miili ya watu wa mahali pale inabadilika. Mfano ulio wazi kuliko yote kuhusu wanadamu ulipatikana hapa kwetu Afrika Mashariki, na unahusu damu ya yule mtoto anayelia usiku.

Daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1910, baada ya damu ya mwanafunzi mmoja kutoka Grenada kuonekana ina chembe nyekundu zilizopinda kama mundu. Kwa kuwa wagonjwa wa kwanza walikuwa wa asili ya Afrika, huko Marekani ukaitwa ugonjwa wa watu weusi. Miaka ya 1940 madaktari wa kikoloni nao walipima damu kabila kwa kabila, baadhi yao wakitumaini kwamba chembe hizo zingewaonyesha nani ametoka wapi na nani amechanganyika na nani. Jambo la asili ya watu liliwashughulisha sana.

Aliyebadilisha swali ni Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alifuatana na msafara wa Mlima Kenya akakusanya damu ya watu wa sehemu mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta zaidi ya watu 20 katika kila 100 wana alama ya selimundu. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, kumpata hata mmoja katika 100 ilikuwa shida. Hapo kulikuwa na fumbo. Mtoto aliyerithi kinasaba hiki kutoka kwa baba na kwa mama pia, siku zile, kwa kawaida alikufa kabla hajazaa. Basi kila kizazi kinasaba hicho kilipaswa kupungua. Mbona kimejaa pwani?

Allison aliangalia ramani akaona kwamba inafuata mbu, wala haifuati makabila. Alirudi mwaka 1953, akiwa sasa daktari, na watu wazima 30 wa Kijaluo wakajitolea kuambukizwa malaria chini ya uangalizi wake. (Jaribio la namna hiyo leo lisingepewa kibali kirahisi, nami nadhani ni haki.) Kati ya 15 wasio na kinasaba cha selimundu, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 wenye kinasaba kimoja, waliopata ni wawili tu. Alipima pia damu za watoto Uganda, na watu karibu 5,000 wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1954 alichapisha matokeo: palipo na malaria nyingi, alama ya selimundu ni nyingi, palipo na malaria kidogo, ni chache.

Maana yake ni hii. Kinasaba kimoja, kutoka kwa mzazi mmoja, humkinga mtoto asife kwa malaria kali, ile ambayo bibi zetu waliiona kama degedege. Viwili humletea ugonjwa. Pwani yenye mbu, wenye kimoja walipona utotoni, wakakua, wakaoa na kuolewa, wakakirithisha. Wagiriki wanacho, Wahindi wanacho, Waarabu wa Oman wanacho, wote wa mahali ambapo malaria ilikaa muda mrefu. Kwa hiyo si ugonjwa wa weusi, na mwanamke peke yake hawezi kumzalia mume mtoto mwenye selimundu. Lazima wote wawili wawe wamechangia. Mume anayesema "kwetu haupo" anao mwilini mwake.

Sisi Wakristo wa pwani tunaijua malaria kwa makaburi ya wamisionari. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huohuo mkewe Rosine alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Jirani zao wa Mombasa walikuwa wameishi na homa hiyo kwa vizazi visivyohesabika, na sehemu ya kuishi kwao ilikuwa ndani ya damu.

Homa yenyewe ilizidi vipi? Mwaka 1958 mtaalamu Frank Livingstone (si yule mmisionari) alitoa hoja, akitazama Afrika Magharibi, kwamba kilimo ndicho kilichochea. Watu walipofyeka msitu, wakakaa pamoja vijijini karibu na mashamba, madimbwi yanayopigwa na jua yaliongezeka na mbu wakapata mazalia. Utafiti wa 2018 ulikadiria kwamba badiliko la selimundu lilianza kwa mtu mmoja, miaka kama 7,300 iliyopita. Ikiwa Livingstone ana haki, na mimi naona hoja yake ina nguvu, basi jembe la mababu limeacha alama kwenye chembe zetu za damu. Maziwa yana habari inayofanana. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, baada ya kupima watu wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudani, walionyesha kwamba uwezo wa mtu mzima kumeng'enya maziwa ulienea kwa wafugaji wetu kwa badiliko lao wenyewe, tofauti na lile la Wazungu. Watu walianza kufuga, na miili ikafuata.

Kutoka hapo wengi hukimbilia kwenye tabia: kwamba ukali, uvivu, akili au uaminifu wa watu navyo vimeandikwa kwenye damu. Hapo nasimama. Mwaka huohuo wa 1954, mwezi Juni, Gavana Twining alirudisha Kalenga fuvu lililotajwa kuwa la Mtwa Mkwawa, alilolichagua katika makumbusho ya Bremen kwa kupima vipimo vyake. Lilikuwa kati ya mafuvu mengi. Wajerumani walikuwa wamekusanya mafuvu ya Waafrika kwa mamia, wakiamini kwamba upana wa kichwa utawaambia nani yuko juu na nani yuko chini. Hao nao walijiita wanasayansi, na waliitaja elimu ya mageuko kama ushahidi wao. Allison alianza na mbu, akaweka dhana yake mahali inapoweza kushindwa. Wapima mafuvu walianza na jibu.

Sasa nirudi kwa swali la laana. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimwuliza Bwana kama aliyetenda dhambi ni yeye au wazazi wake, naye akakataa yote mawili. Nasoma historia hii ya damu nikiwa nimesimama kwenye jibu hilo. Walioturithisha kinasaba cha selimundu hawakutulaani. Ni watoto waliopona malaria, na bila wao wengi wetu tusingekuwapo. Lakini sitamwambia mama kwamba maumivu ya mwanawe ni bei halali ya uhai wa wengine. Uteuzi wa asili hupiga hesabu ya wengi na haumjui mtoto yeyote kwa jina. Mchungaji mwema aliwaacha tisini na tisa akamfuata mmoja. Naamini Mungu huumba kwa njia ndefu kama hii, na bado sijui kumweleza kwa nini njia hiyo inapita kwenye kitanda cha mtoto. Ninachoweza ni kukaa naye hapo.

Kuna na yanayowezekana. Wachumba wakiwa wote wawili wana kinasaba kimoja, katika kila mimba nafasi ya mtoto kuugua ni moja kwa nne. Katika mafundisho ya ndoa naomba wapime kabla, si ili niwazuie kufunga ndoa, bali wasije wakarushiana lawama baadaye. Mtoto akigundulika mapema, kwa chanjo, dawa za kinga na haidroksiyurea, anaweza kukua, kusoma na kufika Kipaimara. Na jambo moja wazazi wengi hawalijui: kinga dhidi ya malaria ni ya mwenye kinasaba kimoja. Mtoto mwenye viwili, akipata malaria, anaweza kuishiwa damu haraka sana. Yeye ndiye wa kwanza kulala ndani ya chandarua nyumbani, na homa yake haisubiri maombi ya Ijumaa.