Uzi: Mikondo ya Gredi ya 10 ina babu zake

Kila mjadala wa elimu ukianza hapa, upande mmoja unaita mikondo ya sekondari pevu mapinduzi, mwingine unaiita njama ya kuwatenga watoto wa maskini. Wote wanaongea ni kama historia ilianza Januari 2026, darasa la kwanza la Gredi ya 10 lilipoingia. Turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1909, ripoti ya Profesa Fraser ilishauri serikali ya kikoloni igawe elimu kwa rangi. Mwafrika afunzwe kazi za mikono, Mzungu asomee vitabu. 1924 ikaja tume ya Phelps-Stokes na wimbo karibu ule ule, ikiiga shule za Hampton na Tuskegee kule Marekani. (Ndani ya tume alikuwemo James Aggrey kutoka Gold Coast, kwa hivyo usiniambie ni wazungu pekee walioliamini wazo hilo.) Wazazi wetu walikataa. Waliona karani anavyolipwa na fundi anavyolipwa. Kule kwa Wakikuyu watu walifungua shule zao huru, wakidai Kiingereza.

Ndiyo maana neno "ufundi" likitajwa, wazee husikia "daraja la pili". Hawajakosea sana.

Halafu 1985, 8-4-4. Useremala, kilimo, sayansi kimu, kujitegemea. Wazo zuri, lakini karakana ziliachiwa wazazi na harambee. Penye pesa zilijengwa, pasipo na pesa mtoto alisoma useremala kwenye daftari. Mimi naona hapa ndipo pa kuangalia, si kwa mkoloni.

Sasa tuje Kajiado. Mikondo ni mitatu: Stem, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Serikali inalenga 60% ya wanafunzi waende Stem, 25% sayansi za jamii, 15% sanaa na michezo. Kila shule lazima iwe na Stem, lakini si kila shule ina mikondo yote mitatu. Mtoto wa Kitengela akikosa mkondo wake shule ya karibu, anapanda matatu hadi nyingine. Wa kule Mosiro au Magadi akiukosa, ni bweni, na bweni ni karo, na karo mwaka wa kiangazi ni ng'ombe aliyekonda sokoni. Hiyo "chaguo ni la mwanafunzi" ina bei tofauti ndani ya kaunti moja.

Na kitu kimoja wanasiasa hawakwambii. Kwa Katiba ya 2010, sekondari ni jukumu la serikali ya kitaifa. Kaunti ina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hivyo anayetaka ugavana akikuahidi maabara ya Gredi ya 10, muulize ataijenga kwa mamlaka gani. Anayetaka ubunge muulize swali lingine: pesa za NG-CDF zinaruhusiwa kujenga shule, je, maabara ngapi, wapi, na mwalimu wa fizikia atatoka wapi?