Daftari la Kikole

Ndugu Mhariri aliponiandikia kuniomba nijaze kurasa chache katika jarida letu la mkutano wa mwaka huu, alinishauri nieleze habari za mabweni, za mpira na za uji wa asubuhi. Wenzangu wamekwisha kuzieleza hizo vizuri kuliko niwezavyo mimi. Nimeona afadhali nitumie nafasi hii kulipa deni moja la zamani, na deni lenyewe ni la daftari.

Mwaka 1966, nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa historia alitupa kazi ya likizo. Kila mmoja aende kwao, amtafute mzee, amwulize habari za kale na aziandike katika daftari. Wengi wetu tulicheka kichinichini. Historia tuliyoijua sisi ilikuwa ya Napoleon na Bismarck, na ilitoka vitabuni. Babu aliyekaa barazani akisuka jamvi hakuwa na historia, alikuwa na hadithi tu. Ndivyo tulivyodhani. Basi nikafunga mzigo wangu, nikaenda Kikole kwa babu yangu mzaa mama.

Kwa ndugu wasiopafahamu, Kikole ni mahali katika wilaya ya Kilwa. Zama za biashara ya watumwa palikuwa kituo cha kukusanyia watu walioletwa na misafara kutoka bara, hasa pande za Ziwa Nyasa, kabla ya kuteremshwa pwani na kupakiwa majahazini. Mwaka 1873 Seyyid Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukataza watumwa wasisafirishwe kwa bahari, na mwaka 1876 akakataza misafara ya watumwa kutoka bara. Amri ni jambo moja na kutii ni jambo jingine, kwa hiyo biashara haikufa siku hiyo. Babu yangu alizaliwa Wajerumani wakiwa wamekwisha kuishika nchi, lakini alilelewa na bibi yake, na bibi huyo aliyaona mambo kwa macho yake.

Nilimwamkia, nikamweleza nilichotumwa. Akacheka. "Mume mwenzangu," akasema, "miaka yote shule imekufundisha kusema. Leo imekutuma kusikiliza. Kaa kitako."

Nilikaa siku tisa. Mchana tulikwenda shambani, na jioni baada ya sala ya isha nikawasha kibatari naye akaanza. Alianza kwa nasaba, akaja kwenye misafara, kisha vita vya Maji Maji, kisha njaa iliyofuata. Mara nyingine aliacha masimulizi akaghani beti alizozipokea kwa wakubwa wake, nami nikazikimbiza kwa kalamu. Yeye mwenyewe alijua kuandika kwa herufi za Kiarabu, akanikosoa kila nilipomwonyesha jina nililolikosea.

Usiku wa mwisho akanitajia jambo ambalo hakulitaja kabla. Alitaja koo, moja baada ya moja: hawa walikuja kwa msafara wamefungwa, hawa ndio waliokuwa na nyumba, na bibi yake yeye mwenyewe alikuwa katika fungu la kwanza. Nikaanza kuandika. Akaniwekea kiganja juu ya daftari. "Haya yasikie tu. Wajukuu wao leo wanaoana. Ukiyaandika, utawarudisha kwenye kamba." Nikafunga daftari. Nimelifikiria neno hilo maisha yangu yote.

Mwalimu alinipa alama nzuri. Miaka mitatu baadaye mtu mmoja aliyefanya kazi katika ofisi ya vitabu alilisoma daftari, akalisifu, akalichukua ili lichapwe. Simtaji, na ofisi yake siitaji. Niliandika barua, nikaenda kwa miguu yangu, nikaambiwa nisubiri. Daftari halikuchapwa wala halikurudi. Kosa kubwa lakini ni langu: sikubaki na nakala.

WALIOANDIKA KABLA YETU

Baada ya kupoteza daftari nilianza kutafuta kama kuna mwingine wa pwani yetu aliyepata kuandika. Nilichokipata kilinifurahisha na kunihuzunisha kwa pamoja.

Kwanza, watu wa Kilwa wameandika historia yao tangu zamani sana. Kipo kitabu cha Kiarabu, Kitab al-Sulwa fi akhbar Kulwa, kilichotungwa katika karne ya 16 na mtu wa huko huko, ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Kinasimulia masultani wa Kilwa tangu wale wanaosemekana kutoka Shirazi. Nakala yake moja Seyyid Barghash alimpa Balozi John Kirk wa Uingereza, ikaishia London. Mreno João de Barros naye, katika kitabu chake cha mwaka 1552, alieleza habari za wafalme wa Kilwa kutokana na tarikh ya namna hiyo hiyo. Matini hizi mbili hazipatani kila mahali, wala orodha za masultani hazilingani. Lakini tazama faida yake: kwa kuwa zipo mbili, msomaji anaweza kuzilinganisha. Ingebaki moja, tungeiamini yote au kuikataa yote.

Mwaka 1895 matini ya Kiarabu ilichapwa London. Mwaka ule ule, mwezi Novemba, Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya pale Kilwa Kivinje, kwa kuwa aliwapinga. Wenyeji wanaujua mwembe wenyewe, Mwembe Kinyonga. Hivyo katika mwaka mmoja Kilwa ya kale iliingia kitabuni Ulaya, na Kilwa iliyo hai iliwekwa kitanzi.

Baadaye akaja Carl Velten, Mjerumani aliyekuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni, kisha mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin. Huyu aliwataka Waswahili wenyewe waandike kwa mkono wao. Kwa njia hiyo tulipata Desturi za Wasuaheli, kitabu cha mwaka 1903 ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa upande wa Bagamoyo. Mwaka 1907 akatoa Prosa und Poesie der Suaheli, na humo zimo habari za kale za Kilwa na za Lindi kwa Kiswahili cha wenyewe. Alikusanya pia mashairi ya vita vya wakati ule, na miongoni mwake yamo yanayosimulia habari za Makunganya.

Lindi nayo ilikuwa na mshairi wake, Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyetunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji. Vita vilianza Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, vikaenea kusini yote. Agosti ya mwaka ule Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro, lakini vita havikukoma. Abdul Karim aliyatazama mambo hayo kwa jicho la mtu wa mji wa pwani, si kwa jicho la mkulima wa milimani aliyekunywa maji. Ndiyo maana inafaa kumsoma pamoja na masimulizi ya bara. Utenzi wake ulichapwa Ujerumani mwaka 1933. Mwaka 1957 ulitolewa tena na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley na utangulizi wa historia wa Margaret Bates.

Na hata karibu na siku zetu, Hasani bin Ismail alitunga Swifa ya Nguvumali, utenzi wa mganga aliyevuma sana katika pande zetu. Ulichapwa Oxford mwaka 1968, chini ya uhariri wa Peter Lienhardt.

Hesabuni, ndugu zangu: London, Berlin, Oxford. Waandishi ni wetu, matbaa ni ya wengine. Silaumu waliochapa, kwani bila wao hayo yote yangeliwa na mchwa. Nasema tu kwamba mchapaji huchagua kwa haja yake. Velten alihitaji vitabu vya kufundishia maofisa lugha. Alipokwisha kupata kiasi cha haja yake, kazi ilikoma. Kikole hakikuwa katika haja yake, wala Kikole hakikuchapwa.

WATOTO WA SHULE NA MADAFTARI

Yawezekana mtu akauliza: je, historia si kazi ya maprofesa? Sisi wa kidato cha tatu tungefanya nini cha maana? Nami nilidhani hivyo hadi niliposoma habari za Ayalandi.

Ayalandi ni kisiwa kilichotawaliwa na Waingereza kwa karne nyingi, na lugha yake ya asili ilikaribia kufa. Walipopata kujitawala waliona wazee wanakwenda na maneno yao. Mwaka 1935 wakaunda tume ya kukusanya mapokeo, na baina ya mwaka 1937 na 1939 wakaigeukia shule ya msingi. Katika shule zipatazo 5,000, watoto wa darasa za juu waliambiwa wakawaulize wazee wao habari za visima, magofu, njaa, tiba, methali na mashairi, waziandike katika madaftari yao. Kisha zile nzuri zilinakiliwa katika kitabu kikubwa cha shule. Kurasa zilizopatikana ni kama 740,000, na leo mtu yeyote anaweza kuzisoma kwa intaneti.

Aidha, huko kila jimbo hujiandikia. Mji wa Cork una chama cha historia tangu mwaka 1891, na jarida lake lilianza kutoka mwaka 1892. Waandishi wa majarida ya namna hiyo si wasomi wakubwa tu. Wamo walimu, mapadri, makarani na wakulima wanaoandika habari za parokia zao.

Kazi ile ya likizo tuliyoicheka sisi, basi, ndiyo ile ile. Tofauti ni moja: wao walikuwa na kitabu kikubwa cha kunakilia, na kabati la kukiwekea.

Wala tusiseme kwetu haijawezekana. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwauliza wazee habari za Maji Maji, na mradi ule ulibadili jinsi vita hivyo vinavyofundishwa. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein, mtoto wa pwani yetu ya kusini, alitoa tamthilia yake Kinjeketile. Wazee waliohojiwa wakati ule wote wamekwisha kufariki. Walichokisema kimebaki kwa sababu kiliandikwa na nakala zikawekwa.

NILIPORUDI

Nilirudi Kikole mwaka 1988. Babu alikuwa amefariki miaka mingi. Nilimkuta binti wa mama yangu mdogo, dada yangu, ambaye hakupata kusoma hata darasa la kwanza. Nikamweleza habari ya daftari lililopotea. Akaniuliza, "Ulikuwa umeandika nini humo?" Nikaanza kumtajia ubeti mmoja niliokuwa nikiukumbuka nusu. Akaumalizia. Akaendelea na wa pili, na wa tatu, huku akipepeta mchele. Siku zile tisa nilipokuwa nikiandika, yeye alikuwa msichana mdogo nyuma ya mlango, akisikiliza.

Hakuyakumbuka yote. Kwa makadirio yangu tuliokoa theluthi. Mara hii niliandika nakala tatu.

Nilimwuliza pia kuhusu zile koo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, babu alikwambia uyasikie. Umeyasikia." Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mtu wa nje anaweza kuandika vizuri habari za misafara, bei na mikataba, lakini kujua lipi la kuandika na lipi la kumwachia mwenyewe ni elimu ya wenyeji. Hii nayo ni sababu ya kutaka habari zetu ziandikwe na watu wetu. Katika nakala zangu nimeandika kilichotendeka Kikole, bila kukipamba wala kukipunguza. Jina la bibi wa babu yangu nimeliandika, kwa kuwa ni bibi yetu. Majina ya bibi za majirani sikuyaandika.

OMBI LANGU

Ndugu zangu, tuliosoma pamoja tulitoka Kivinje, Masoko, Pande, Kiswere, Mchinga, Lindi, Sudi, Mikindani na bara yake. Sasa sisi wenyewe ndio wazee wa barazani. Naomba mambo matatu.

Kwanza, kila mmoja aje kwenye mkutano ujao na daftari moja la habari za kwao: magofu, visima, mashairi, misiba, vyovyote vile. Asingoje Kiswahili chake kiwe kizuri.

Pili, chama chetu kitenge fungu dogo la fedha kwa kunakili na kuchapa, hata kijitabu cha kurasa 40 kwa mwaka. Nakala moja ikae katika maktaba ya shule yetu, moja iende maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na moja irudi kijijini ilikotoka. Hiyo ya tatu ndiyo ambayo London na Berlin hawakuikumbuka.

Tatu, shule irudishe ile kazi ya likizo.

Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo walivyosema wakubwa. Langu lilipotea, na habari ikaponea nyuma ya mlango kwa msichana ambaye hakuna aliyemtuma kuandika. Tusitegemee bahati hiyo mara ya pili. Nakala ya kwanza ya Kikole nimeikabidhi kwa Ndugu Katibu pamoja na makala hii. Amenipa stakabadhi.