Jioni za Manamba
Mkonge uliingia Tanganyika mwaka 1893, Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida. Iliyostahimili safari ilikuwa 62 tu, lakini ilitosha. Chini ya Wajerumani, na baadaye Waingereza, mashamba yalienea Pangani, Tanga, Muheza na Korogwe, yakafuata reli ya kati hadi Morogoro na Kilosa, na kusini yakafika Lindi. Wenyeji wa sehemu hizo walikuwa na mihogo na minazi yao. Wachache walikubali kukata majani yenye miiba kwa ujira mdogo. Kwa hiyo wafanyakazi walitafutwa mbali, nao wakaitwa manamba.

Wengi walitoka ndani ya nchi: Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wangoni. Wengine walivuka mipaka. Warundi walikimbia kodi na kazi za shuruti za Wabelgiji, na Wamakonde na Wamakua wa Msumbiji walivuka mto Ruvuma kuwaepa Wareno, ambao kwao kazi ya lazima ilikuwa sheria. Mwanzoni wengi walisafiri kwa miguu, wiki baada ya wiki. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, shirika la kuajiri vibarua kwa mikataba na kuwasafirisha kwa malori na treni. Vita ndivyo vilivyowasukuma: Japani ilikuwa imeteka Java na Ufilipino, na nyuzi za Tanganyika zikawa na thamani kubwa kwa Uingereza.

Kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Mkataji alipewa kipimo chake cha mafungu asubuhi na mapema. Asiyekimaliza, siku yake haikuandikwa. Aliyekimaliza mchana, alasiri yote ilikuwa yake. Wenzake wa korona, mashine ya kukamua nyuzi, hawakuwa na nafasi hiyo. Wao walifuata saa za mashine. Na kwa kuwa siku 30 hazikulazimika kufuatana, mtu wa kipande aliweza kupumzika kesho akarudi keshokutwa, ingawa kufanya hivyo kulichelewesha mshahara. Wenye mashamba waliuita mtindo huo uvivu. Hawakutenda haki: katika maisha yaliyopangwa na mnyapara tangu alfajiri, siku ya kutokwenda shamba ilikuwa karibu kitu pekee ambacho manamba alikiamua mwenyewe.

Kambi zilikuwa safu za vyumba, na mara nyingi watu wa kabila moja walikaa upande mmoja. Posho ilikuwa unga wa mahindi, maharage na chumvi. Wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake, hasa miaka ya mwanzo, hivyo mwanamume ambaye kwao hakushika mwiko alijifunza kusonga ugali. Wanawake waliokuwapo walipika pombe na kuuza vyakula, na fedha yao haikupitia mikononi mwa mnyapara. Palipopatikana ardhi, watu walipanda mboga na mahindi nyuma ya nyumba. Siku ya mshahara wachuuzi walifika na kanga, mablanketi, taa na vikombe. Aliyekusudia kurudi kwao aliweka akiba ya baiskeli au cherehani, kwani kurudi mikono mitupu ilikuwa aibu.

Mapumziko yenyewe yalikuwa ngoma. Jumamosi jioni na Jumapili kila kundi lilijitokeza kwa namna yake. Wamakonde walileta sindimba, na mapiko, vinyago vya kuvaliwa kichwani ambavyo nyumbani vilihusu jando na unyago. Beni ilitoka pwani, Mombasa na Lamu, mwishoni mwa karne ya 19. Ilisambaa na askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha ikafuata vibarua mashambani. Wachezaji walipangwa kama jeshi, wakiwa na kingi wao, maofisa, sare na gwaride, na vyama vya Marini na Arinoti vilishindana vikali. Mtu aliyekuwa namba tu kwenye daftari la ofisi aliweza kuwa jenerali uwanjani, akaheshimiwa wiki nzima.

Lakini ngoma haikuishia kwenye kucheza. Chama kilikuwa na viongozi na michango, na michango ile ilimtunza mgonjwa na kumzika aliyefariki mbali na ndugu zake. Utani nao ulifanya kazi hiyohiyo. Makabila yaliyokuwa na utani tangu enzi za misafara na vita yaliuendeleza kambini: mtani alitukana bila kukasirikiwa na kuchukua kitu bila kuitwa mwizi, ila palipotokea msiba alitakiwa kushiriki mazishi. Kampuni ilijenga vyumba. Ujamaa wa kambini uliundwa na wafanyakazi wenyewe jioni, kwa Kiswahili ambacho wengi wao walijifunzia hapohapo.

Baada ya Vita vya Pili ladha ilibadilika. Mpira wa miguu ulienea, na vijana wakageukia dansi la gitaa. Si ajabu kwamba Morogoro na Tanga, miji iliyozungukwa na mkonge, ilikuwa vitovu vya muziki huo. Salum Abdallah na Cuban Marimba walivuma kutoka Morogoro. Tanga ilikuwa na Atomic Jazz, pamoja na bendi iliyoanza kwa jina la Young Nyamwezi kabla ya kuitwa Jamhuri Jazz. Jina la kwanza linaonyesha wazi jinsi watu wa bara walivyokuwa wamejijengea nafasi pwani.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 vyama vya wafanyakazi na migomo yao vilipandisha mishahara. Mashamba yakapunguza watu, yakapendelea wakazi wa kudumu wenye familia, na kuajiri wageni kwa mikataba kukakoma katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Kisha nyuzi za viwandani zikaangusha bei ya mkonge, na mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Wapo waliorudi Burundi na Msumbiji. Wengi walibaki Muheza, Korogwe na Tanga, wakaoa, wakapata mashamba yao, na watoto wao wakakua wakizungumza Kiswahili kama lugha ya nyumbani.